Walimaliza Darasa la Saba Mwaka Gani? Kuchagua Nyimbo za Karaoke kwa Watu wa Miaka Thelathini na Kitu

Unapoandaa karaoke ya watu wenye miaka thelathini na kitu, usiwaulize wanapenda wimbo gani. Waulize walimaliza darasa la saba mwaka gani. Ukiuliza wimbo, kila mmoja atataja wa kujipamba nao: huyu Whitney Houston, yule wimbo uliotoka wiki iliyopita, na jioni itapita mtu mmoja akiwa mbele na maiki, wengine wameinamia simu. Ukiuliza mwaka, utapata nyimbo ambazo watu wote uani wanazijua bila kusoma popote, hata wale wanaoapa kwamba wao si waimbaji.

Hesabu ni nyepesi. Chukua mwaka wa darasa la saba, ongeza miaka saba. Nyimbo zilizovuma ndani ya kipindi hicho, tangu mtu ana miaka 13 au 14 hadi anafika 20 au 21, ndizo zinazokaa kichwani kuliko zote. Wanaochunguza kumbukumbu za binadamu wameliona jambo hili katika nchi nyingi: mtu mzima akiulizwa nyimbo za maisha yake, nyingi hutoka katika ujana wake. Ukitaka kuhakikisha mwenyewe, piga "Zeze" ya TID mbele ya mwalimu wa sekondari mwenye miaka 38, uone kama hatamalizia kiitikio kabla hujaongeza sauti.

Nazungumzia zaidi shughuli za nyumbani, zile zinazofanyika Sofu na kata jirani za mji wa Kibaha mwisho wa wiki. Ni bethidei, kipaimara, kumuaga mwenzetu aliyehamishwa kikazi, au kikundi cha kuweka na kukopa kinavunja mzunguko wa mwaka. Spika imekodiwa, televisheni imetolewa sebuleni na kuwekwa barazani, viti vya plastiki vimepangwa chini ya mwembe. Waalikwa ni mchanganyiko: muuguzi wa hospitali ya Tumbi, fundi umeme, mwalimu, dereva wa lori, na yule anayeamka saa kumi alfajiri ili awahi kazini Dar es Salaam. Hawakusoma shule moja wala hawakukulia mkoa mmoja. Kilichowaunganisha utotoni ni redio. Aliyekulia Mwanza alikuwa na Radio Free Africa, wa Dar alikuwa na Radio One na baadaye Clouds FM, lakini nyimbo walizozisikia ni zilezile. Orodha yako ijengwe juu ya hilo.

Sasa, watu wa thelathini si kundi moja, na hapa ndipo waandaaji wengi wanapokosea. Aliyezaliwa 1987 alimaliza darasa la saba mwaka 2000 au 2001. Huyu ni mtoto wa kanda za kaseti zilizorudishwa nyuma kwa kalamu. Nyimbo zake ni za Professor Jay wa albamu ya *Machozi, Jasho na Damu* ya 2001, Mr. Nice na "Kikulacho" na "Fagilia", Daz Nundaz na "Kamanda", Ray C na "Uko Wapi", Lady Jaydee alipokuja na albamu yake ya kwanza, *Machozi*. Aliyezaliwa 1994 alimaliza 2007 au 2008, na kwake wimbo ulifika kwa memori kadi, ukarushwa kwa Bluetooth kutoka simu hadi simu nyuma ya darasa. Huyu nyimbo zake ni "Cinderella" ya Ali Kiba, "Pii Pii" ya Marlaw, "Binti Kiziwi" ya Z Anto, na "Kamwambie" ya Diamond Platnumz, wimbo uliomtoa kijana wa Tandale akabeba tuzo za muziki za Kilimanjaro mwaka 2010.

Ukiweka nyimbo za kundi moja tu, nusu ya uani itakaa kimya. Kwa mkusanyiko wenye umri uliochanganyika, egemea miaka ya 2004 hadi 2008. Katika miaka hiyo mkubwa alikuwa bado kijana wa kukariri kila mstari, na mdogo ndiyo kwanza alikuwa anaanza kuimba akitumwa dukani. "Vaileti" na "Anita" za Matonya, "Latifah" ya MB Dogg, "Bembeleza" ya Marlaw, "Mume Bwege" ya Bushoke, zote ziko katika ukanda huo. Usisahau "Dar Mpaka Moro" ya TMK Wanaume. Kwa mtu wa Kibaha, ambaye barabara hiyo ya Dar hadi Morogoro inakatiza mjini kwake, wimbo huo una uzito ambao mtu wa Arusha hataupata.

Baada ya mwaka, angalia kiitikio. Huu ndio moyo wa jambo lote, na ndipo ningekuomba utulie. Wimbo wa karaoke unaofurahisha watu ni ule unaoacha nafasi kwa walioketi. Kwetu Pwani hili si geni. Katika ngoma za Kizaramo manju anatupa neno, duara linaitikia, na manju asiyeitikiwa anajua ngoma yake imekufa hata kama sauti yake ni tamu kama asali. Mwenye maiki kwenye karaoke yuko mahali palepale pa manju. Anahitaji kuitikiwa kuliko anavyohitaji kupigiwa makofi.

Tazama "Ndio Mzee" ya Professor Jay. Mgombea anamwaga ahadi, wananchi wanajibu, na jibu lao ndilo jina la wimbo. Mtu ambaye hajawahi kuusikia ataweza kujibu ifikapo mara ya tatu. Au "Yahaya" ya Lady Jaydee, ambamo jina la mtu linarudi na kurudi mpaka kila aliyepo analiita. Mr. Nice ndiye aliyeielewa kazi hii kuliko wote. Mtindo wake aliuita TAKEU, kwa kuunganisha Tanzania, Kenya na Uganda, na nyimbo zake zilijengwa kwa vipande vifupi ambavyo mtoto wa chekechea na bibi yake wanaimba pamoja. Waliokuwa wakimdharau wakati ule kwamba muziki wake ni wa kitoto, leo ndio wanaosimama wa kwanza "Fagilia" ikianza.

Kipimo changu ni hiki: kiitikio kiwe kimefika kabla dakika moja na nusu haijaisha, na kikirudi mara ya pili, mtu aliyekuja na mwenzake tu, asiyemjua yeyote, aweze kujiunga. Wimbo usiopita hapo, hata uwe mzuri vipi, uache kwa ajili ya kusikiliza ukiwa unapika.

Wimbo ninaouweka juu ya vyote kwa kizazi hiki ni "Zali la Mentali" ya Professor Jay na Juma Nature. Una kisa chenye mwanzo na mwisho, cha kijana asiye na kitu anayependwa na binti mwenye uwezo, kwa hiyo watu wanafuata wanataka kufika mwisho hata kama wanaujua. Una sauti mbili tofauti, ya Jay anayesimulia na ya Nature anayeitikia kwa sauti yake nzito ya Temeke. Una vichekesho. Na una kasi ambayo mtu wa kawaida anaweza kuifuata bila kukata pumzi. Tatizo lake ni kwamba beti ni ndefu na ni za kuchana, na mtu mmoja akijitwisha zote atapotea katikati. Usimpe mtu mmoja. Wapange watatu au wanne mbele, kila mmoja ashike kipande chake, maiki ipite mkono kwa mkono, na kiitikio kiwe cha uani kizima. Fanya hivyohivyo kwa nyimbo zote za kuchana za enzi ile, iwe "Kamanda" au "Habari Ndiyo Hiyo" ya AY na Mwana FA.

Kwa wenye haya, wimbo wa watu wawili ndio mlango. "Anita" ina sehemu ya Matonya na sehemu ya Lady Jaydee, na mtu anayeogopa kusimama peke yake hukubali akiwa na mwenzake pembeni. Usimlazimishe mtu. Mazungumzo yanayofaa ni mafupi:

"Shemeji, kamata maiki basi."

"Aa, kaka, mimi nitaitikia tu hapahapa."

"Haya, itikia. Ila sauti tuisikie mpaka barabarani."

Mwache aitikie. Nyimbo mbili baadaye, ukimpelekea maiki alipoketi bila kumwita mbele, mara nyingi ataipokea.

Kuna suala la sauti, na hili halihusu kipaji. Karaoke yenyewe ilizaliwa kwa kumsaidia mtu asiyeweza kufuata wimbo. Daisuke Inoue alikuwa mwanamuziki wa kupiga kwenye baa za mji wa Kobe, Japani. Mteja wake mmoja, mkurugenzi wa kampuni, alitaka Inoue aende kumpigia muziki kwenye safari, naye hakuweza kwenda, akamrekodia kanda ya muziki mtupu, kwa kasi na ki, yaani kimo cha sauti cha wimbo, ambazo mteja yule aliziweza. Kutokana na hapo, mwaka 1971, Inoue alitengeneza mashine ya kutumbukiza sarafu. Hakuisajili kama mali yake, dunia nzima ikaitumia, na mwaka 2004 akapewa tuzo ya Ig Nobel ya amani kwa kuwafundisha watu kuvumiliana. Ninachotaka ukichukue kwenye kisa hicho ni kwamba tangu siku ya kwanza wimbo ndio uliosogezwa umfuate mwimbaji. Leo zipo programu za simu za kushusha na kupandisha ki ya wimbo bila kubadilisha kasi. Zitumie bila aibu. Mwanamume anayemwimba Ali Kiba katika ki yake ya asili atafika juu kwenye "Cinderella" na kukwama, na kukwama kwake kutawakumbusha wote kwamba wao pia hawawezi. Shusha hatua mbili au tatu, ataimba na watu watamfuata.

Mpe kila mtu kazi hii kabla hajachagua: auimbe kimoyomoyo mstari wa juu kabisa wa wimbo wake. Kama shingo inakaza, ki ishuke au wimbo ubadilishwe. Ray C ana sauti nyembamba ya juu ambayo wanawake wengi hawaifikii, ilhali Lady Jaydee anaimba karibu na pale wanawake wengi wanapozungumzia, na ndiyo maana nyimbo zake hazimwangushi mtu. Kwa wanaume wasio na sauti kubwa ninamshauri sana 20 Percent. Kijana huyo wa Pwani aliondoka na tuzo 5 za Kilimanjaro mwaka 2011, na "Tamaa Mbaya" na "Ya Nini Malumbano" zinaimbika bila mbwembwe yoyote ya koo, karibu na kuongea, ilimradi uyamaanishe maneno.

Urefu. Taarabu ya kisasa, ya Jahazi au ya Isha Mashauzi, inapendwa sana Kibaha, na wanawake wa thelathini wanaijua mstari kwa mstari. Lakini wimbo mmoja unaweza kuvuka dakika kumi, na taarabu ina adabu yake ya kunyanyuka na kutunza. Itengee saa yake baada ya karaoke, usiichanganye katikati. Nyimbo za dansi za Sikinde, Msondo au Twanga Pepeta ziimbwe mpaka sebene linapoanza, hapo zima maiki na uwaache watu wacheze. Singeli acha kabisa kwenye karaoke. Hata Msaga Sumu mwenyewe ukimpa karatasi ya maneno hataweza kuisoma kwa kasi ile.

Wimbo wa huzuni nao unahitaji uamuzi wa mtu mzima. Mfano mkubwa ni "Starehe" ya Ferooz na Professor Jay, kisa cha kijana anayesimulia maisha yake akiwa anaumwa UKIMWI. Watu wa miaka 30 na kitu wanaujua wote. Wengi wao pia walizika shangazi, baba mdogo au mzazi katika miaka ileile wimbo ulipokuwa ukipigwa, kabla dawa za kufubaza virusi hazijawa za kawaida. Siupangi kwenye orodha ya sherehe. Lakini mtu akiuomba mwenyewe, mpe, punguza kelele za watu, uache uende mpaka mwisho. Nimeona watu wakimshukuru aliyeuimba kuliko walivyomshukuru mpishi. Kwa wimbo kama "Mume Bwege", angalia tu nani yupo. Kati ya marafiki ni kicheko. Mbele ya wakwe waliokuja kwa mara ya kwanza, uweke kando. Nyimbo za injili za Rose Muhando au Christina Shusho huinua watu wote kwenye shughuli ya kipaimara, ila kama kuna bia mezani waulize kwanza waumini waliopo, kwa sababu wapo wanaoumia kusikia sifa za Mungu zikiimbwa juu ya kreti.

Sasa vifaa, kwa kifupi. Nyimbo za Marekani, Uingereza na Japani zina video za karaoke zenye maneno yanayotembea. Nyimbo nyingi za Bongo Fleva za miaka ya 2000 hazina. Utapata biti tupu ya baadhi yake, na kwa zilizobaki zipo programu za kupunguza sauti ya mwimbaji kwenye wimbo wenyewe. Zikishindikana, piga wimbo halisi kwa sauti ya chini na maiki iwe juu yake. Maneno yaandike wewe mwenyewe kwa kusikiliza, kwa sababu yale yaliyoko mtandaoni yana makosa mengi. Chapisha kwa herufi kubwa, ukurasa mmoja kwa wimbo mmoja, kiitikio kikiwa kimekolezwa. Pakua kila kitu mchana kabla bando halijaanza kusumbua. Unganisha simu na spika kwa waya, usitumie Bluetooth, maana Bluetooth huchelewesha muziki kidogo na maneno kwenye televisheni hayataendana na sauti. Mwenye maiki asisimame mbele ya spika, la sivyo itapiga mluzi. Umeme ukikatika, uwe umeshajua wimbo upi mtaimba bila chochote. "Fagilia" na makofi inatosha.

Majirani wana haki zao. Mjulishe mwenyekiti wa mtaa mapema, elekeza spika ndani ya uwanja wako badala ya kwa jirani, na adhana ikisikika, nyamazisha muziki mpaka iishe. Baada ya saa nne usiku shusha sauti. Watu wanaoamka alfajiri kuwahi magari ya Dar wamo pande zote za ukuta wako.

Na nyimbo za Kijapani je? Naziomba ziwe na nafasi yake, walau wimbo mmoja kwa jioni moja, kwa sababu mbili. Kwanza, Wajapani wapo kati yetu. Tanzania imekuwa ikipokea wafanyakazi wa kujitolea kutoka Japani tangu miaka ya 1960, na mwalimu au mtaalamu wa JICA, shirika la Japani la ushirikiano wa kimataifa, akialikwa nyumbani huketi pembeni akitabasamu wakati sisi tunaimba enzi zetu. Pili, Kijapani kinaimbika kwetu kuliko Kiingereza. Kina irabu zilezile tano, a, e, i, o, u, na karibu kila silabi inaishia kwa irabu, kama zetu. Maneno yakiandikwa kwa herufi za Kilatini, mtu wa Sofu atayasoma na kueleweka mara ya kwanza. Mambo matatu tu ya kuangalia: irabu yenye mstari juu yake ivute mara mbili, "n" inayosimama peke yake itamke kama silabi kamili kwa jinsi tunavyotamka "n" ya "nchi", na "tsu" usiifanye "tu". Kuhusu kutojua maana, wote tuliimba "Maria Salome" ya Saida Karoli kwa Kihaya mwaka 2001, kutoka Bukoba hadi Mtwara, na wengi wetu hatukujua Kihaya hata neno. Diamond na Rayvanny walipouleta upya kama "Salome" mwaka 2016, wadogo zetu nao wakaupokea.

Wimbo wa kuanzia ni "Ue o Muite Arukō" wa Kyu Sakamoto, uliotoka 1961. Nje ya Japani unajulikana kwa jina "Sukiyaki", na mwaka 1963 ulishika namba moja nchini Marekani ukiwa kwa Kijapani chake. Una mwendo wa mtu anayetembea polepole, sauti yake haipandi mbali, na ndani yake kuna sehemu ya kupiga mluzi. Sehemu hiyo ni zawadi kwa mwandaaji: hata aliyeshindwa kusoma neno moja atapiga mluzi na wenzake. Wa pili ni "Mirai e" wa Kiroro, wanawake wawili wa Okinawa walioutoa 1998. Ni wa taratibu na unamhusu mama, na ukiwaeleza watu hilo kwa sentensi moja kabla haujaanza, watausikiliza kwa masikio mengine.

Mgeni wako wa Kijapani akiwa naye ni wa miaka thelathini na kitu, hesabu ya darasa la saba inamhusu vilevile. Kwao shule ya msingi ina miaka sita, lakini umri wa kuanzia hesabu ni uleule. Mtafutie "Chiisana Koi no Uta" ya MONGOL800 ya 2001, au "Sekai ni Hitotsu Dake no Hana" ya SMAP ya 2003, ambayo kizazi chake kiliiimba kwa pamoja mashuleni. Akiwa mpenzi wa katuni, mpe "Zankoku na Tenshi no Tēze" ya Yōko Takahashi ya 1995. Huo una kasi, sisi wengine tubaki kupiga makofi. Kwao karaoke kwa kawaida huimbwa kwenye vyumba vidogo, watu wachache wanaojuana, mtindo ulioanzia Okayama mwaka 1985 ndani ya kontena la mizigo lililogeuzwa chumba. Kwa hiyo mgeni aliyeimba maisha yake yote mbele ya watu watano anaweza kushtuka akiona sabini. Mpe maiki akiwa ameketi, na wawili wenu mkae karibu naye na karatasi mkononi.

Upangaji wa jioni usikuchoshe. Anza na wimbo wa wote, asisimame mtu peke yake kwenye nyimbo tatu za kwanza. Hapo ndipo pa Mr. Nice na "Dar Mpaka Moro". Baada ya chakula waache wenye sauti zao waoneshe, Jaydee, Marlaw, Ali Kiba. Kila baada ya waimbaji wawili wa pekee, rudisha wimbo wa kuitikia. Wimbo wa Kijapani uweke watu wakiwa wameshachangamka lakini hawajachoka. Nyimbo mpya za mwaka huu mbili zinatosha, kwa ajili ya wadogo waliokuja kusaidia kupika. "Zali la Mentali" ije wakati bado kuna boda boda za kuwarudisha watu Maili Moja, kwa sababu ikishaimbwa mara moja wataitaka tena.

Siku inayofuata, kabla hujarudisha spika, kaa na daftari dakika kumi. Andika nani aliimba nini, ki ilishushwa kwa kiasi gani, karatasi ipi ilikuwa na maneno yaliyokosewa, na wimbo upi ulizima uani. Orodha hii haitakaa ilivyo. Waliozaliwa 1996 ndio hao wanaingia thelathini, na darasa la saba lao lilikuwa 2009 au 2010. Wao wanadai "Number One" ya Diamond ya 2013 na "Mwana" ya Ali Kiba ya 2014, na wale wa 1987 wanaisogelea arobaini. Kila mwaka ongeza mbili za hao wanaoingia, ondoa mbili ambazo hazikuitikiwa, na "Zali la Mentali" usiiguse.